Krili si kamba mdogo: tofauti inayoanzia kwenye matamvua na kufika hadi kwa nyangumi wa pwani yetu

Kati ya vidonge vya omega-3 vinavyouzwa siku hizi kwenye famasi na mitandaoni, kuna chupa zinazoandikwa « huile de krill ». Vidonge vyake ni vyekundu, na bei yake huwa juu kuliko ile ya mafuta ya samaki ya kawaida. Mteja akiuliza krill ni nini, mara nyingi anajibiwa kwa ufupi: « Ni crevette ndogo za baharini. »

Jibu hilo ni rahisi, tena linaeleweka haraka, lakini si kweli. Krili si crevette ndogo, si mtoto wa crevette, wala si aina ya crevette iliyokosa chakula. Ni mnyama wa ukoo mwingine. Kosa hilo lingekuwa dogo kama lingebaki kwenye maneno tu, lakini linamhusu mgonjwa mwenye aleji na mtu anayetoa pesa yake kwa kidonge. Linawahusu pia nyangumi wanaopita kila mwaka karibu na kipande chetu kidogo cha bahari kule Muanda.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo fujo inapoanzia. Ukisema « kamba » Bukavu, Kalemie au Lubumbashi, watu wengi wanafikiri juu ya kamba ya kufungia mzigo. Mnyama mwenyewe tumezoea kumwita crevette, kwa Kifaransa, na wale wakubwa wa mtoni wanajulikana Kinshasa kama cossa-cossa. Kiswahili cha pwani, Mombasa hadi Kilwa, kina maneno mawili yaliyo wazi: kamba ni crevette ya kawaida, na uduvi ni wale wadogo sana wanaokaushwa na kupikwa kama dagaa. Krili tunamwita kwa jina alilopewa na watu wa Norway. Kwao neno hilo lilimaanisha vitoto vya samaki, na wawindaji wa nyangumi ndio waliolitumia kwa wale wadudu wekundu waliojaa matumboni mwa nyangumi waliokuwa wakipasua.

Kwa hiyo hata jina la krili limetokana na kosa: walimfikiri kuwa kitoto cha samaki. Sisi tumeongeza la pili.

Fungua kichwa uone

Mtu anayesafisha samaki anajua matamvua, yale majani mekundu ya kupumulia yaliyo chini ya mfuniko wa kichwa. Kamba naye anayo. Yamefichwa chini ya gamba gumu linalofunika kichwa na kifua, na gamba hilo linateremka pande zote mbili kama koti lililofungwa vifungo. Bila kulivua, huoni kitu.

Krili hana koti la namna hiyo. Gamba lake ni fupi, linaishia juu ya miguu, na matamvua yake yananing'inia nje, wazi, kama pindo la kitambaa chini ya kifua. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ambayo wataalamu wanaitafuta, na haihitaji mashine: macho mazuri na mwanga vinatosha, mradi mnyama awe mzima.

Alama ya pili ni miguu. Kamba ana jozi tano za miguu ya kutembelea, ndiyo maana wanasayansi wamemweka kwenye kundi la wanyama wa miguu kumi pamoja na kaa. Juu ya hiyo ana jozi tatu fupi karibu na mdomo, zilizogeuka kuwa vyombo vya kulia. Kamba wengi wana pia koleo ndogo mwishoni mwa miguu ya mbele, na mwiba mrefu wenye meno ya msumeno katikati ya macho. Aliyewahi kumenya cossa-cossa kwa haraka anaukumbuka mwiba huo.

Krili wengi hawana koleo la kushikia, na mwiba wao ni mfupi au haupo. Miguu yao ya kifua kwa kawaida inafanana, haikugawana kazi. Ni mirefu na imejaa vinyweleo laini. Krili wa Antaktika anaikunjua jozi sita mara moja, zinakuwa kama kapu. Maji yanaingia, kisha kapu linafungwa na maji yanasukumwa nje kupitia vinyweleo. Kinachobaki ndani ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Kamba wengi wanaokota, wanakwangua na kupasua chakula chao chini ya maji. Krili anachuja, huku akiogelea bila kupumzika, kwa sababu mwili wake ni mzito kuliko maji na akiacha kuogelea anazama.

Halafu kuna taa. Karibu krili wote wana viungo vya kutoa mwanga, kwa kawaida kumi: viwili kwenye vikonyo vya macho, vinne chini ya kifua na vinne chini ya mkia. Mwanga wenyewe ni wa rangi ya buluu. Wataalamu wengi wanadhani kwamba unafuta kivuli cha mnyama, ili adui anayemtazama kutoka chini asimwone. Kamba wachache wa bahari kuu nao wanajua kutoa mwanga, lakini hawana safu hii ya taa kumi.

Mayai yanadanganya kidogo. Wengi wanafundishwa kwamba kamba anabeba mayai na krili anayaacha majini. Ni kweli kwamba kamba jike wa mtoni anayabeba chini ya mkia mpaka yapasuke, na kwamba krili wa Antaktika anayamwaga kwa maelfu, yakazama mamia ya mita kwenye giza, yakapasuka huko, na watoto wakapanda juu kwa wiki kadhaa bila kula. Lakini wako kamba wa baharini wanaomwaga mayai, na ziko aina nyingi za krili zinazoyabeba. Asiyetaka kukosea abaki na matamvua.

Mtu mmoja, ziwa Tanganyika, na ukoo uliogawanywa

Hata wanasayansi walichelewa. Kwa muda mrefu krili waliwekwa katika kundi moja na viumbe wengine wenye miguu iliyogawanyika, kwa kufuata sura tu. Mwaka 1883 Johan Erik Vesti Boas wa Denmark alionyesha kwamba kundi hilo limechanganya koo mbili. Mwaka 1904 William Thomas Calman wa Uingereza alipanga upya wanyama hawa wote, na mpango wake ndio msingi wa ule unaotumika hadi leo: krili peke yao upande mmoja, kamba na kaa upande mwingine, wote wakiwa na babu mmoja wa zamani sana.

Jina la Calman linatuhusu kwa sababu nyingine. Miaka mitano kabla, mwaka 1899, ni yeye aliyeeleza kisayansi kamba wadogo waliotolewa katika ziwa Tanganyika na msafara wa Mwingereza J. E. S. Moore. Moore alipoona konokono na viumbe wengine wa ziwa hilo wakifanana na wa baharini, alishawishika kwamba Tanganyika zamani ilikuwa mkono wa bahari, na akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1903. Alikosea. Ziwa liko katika bonde lake lenyewe, na wanyama wake wamebadilika humo humo kwa mamilioni ya miaka.

Katika ziwa hilo, ambalo karibu asilimia 45 ya eneo lake iko upande wa Congo, kuna zaidi ya aina kumi za kamba wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wengine wanakaa kwenye mawe, wengine wanaelea katikati ya maji. Ni wadogo, ni wepesi, karibu wanapenya mwanga, na samaki kama mukeke wanawala. Mtu angeweza kuwaita krili wa Tanganyika na wengi wangekubali. Lakini angalia: matamvua yako chini ya gamba, na miguu kumi iko mahali pake. Ni kamba.

Na hawezi kuwa krili, kwa sababu moja iliyo wazi kuliko zote. Ulimwenguni kuna aina karibu 86 za krili na zote ni za baharini. Hakuna krili wa ziwa wala wa mto, si katika Kivu, si katika Tanganyika, si katika Lualaba. Kamba wamezoea kila mahali: bahari kuu, mikoko, mito, maziwa, hata maji ya mapangoni.

Hapo nifungue mabano juu ya kamba mmoja wa mtoni, maana habari yake inastahili kujulikana huku kwetu. Katika mito inayoingia Atlantiki, kuanzia Senegal hadi Angola, anaishi kamba mkubwa ambaye wataalamu wanamwita Macrobrachium vollenhovenii. Mkubwa anaishi kwenye maji matamu, lakini watoto wake wanahitaji maji yenye chumvi kidogo, kwa hiyo jike anateremka hadi mdomo wa mto. Bwawa la Diama lilipofunga mto Senegal mwaka 1986, njia hiyo ilikatika. Kamba walipungua, na konokono wanaobeba bilharzia, ambao kamba hao hula, wakaongezeka. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio katika kijiji kimoja cha huko: waliporudisha kamba mtoni, konokono wenye ugonjwa walipungua na maambukizi kwa watu yakapungua pia. Krili hawezi kuifanya kazi hiyo hata kwa siku moja.

Na uduvi je?

Anayejua Kiswahili cha pwani atauliza: kwa nini tusimwite krili « uduvi wa baridi » tukamaliza? Jaribu ni kubwa, maana uduvi na krili wanafanana kuliko wote. Uduvi naye ni mdogo, naye anaogelea kwa makundi makubwa, naye anavuliwa kwa nyavu za matundu madogo. Tena uduvi ana kasoro ya ajabu: ni wa kundi la miguu kumi, lakini jozi mbili za mwisho za miguu zimepotea, amebaki na tatu. Ukihesabu miguu peke yake utachanganyikiwa. Lakini matamvua yake yamefunikwa. Huko Asia ya kusini-mashariki uduvi anasagwa na chumvi kuwa ungo mzito wa kupikia, na mara nyingine vibandiko vya bidhaa hizo vinasema krill. Ukisoma hivyo, ujue kwamba huenda ni uduvi.

Krili halisi wa Antaktika ni vigumu kuuzwa sokoni kama dagaa. Tumbo lake lina vimeng'enyo vikali ambavyo, akishakufa, vinaanza kuuyeyusha mwili wake mwenyewe. Lazima agandishwe au atengenezwe ndani ya saa chache. Gamba lake pia lina fluoridi nyingi, ambayo inaingia kwenye nyama kama halikuondolewa mapema. Muungano wa Kisoviet ulijaribu kuwazoesha wanainchi wake kula nyama yake iliyosagwa, bila mafanikio makubwa. Leo sehemu kubwa ya krili inayovuliwa inageuka kuwa unga wa kulisha samaki wa kufugwa, hasa salmoni. Kamba wa kufugwa nao wanalishwa unga huo.

Chakula cha nyangumi wanaokuja kuzaa karibu nasi

Krili wa Antaktika, Euphausia superba, anafika urefu wa sentimita 6 na uzito wa gramu 2 hivi. Anaweza kuishi zaidi ya miaka mitano, umri ambao kamba wengi wadogo hawaufikii. Majira ya baridi chakula kikikosekana anafanya jambo la ajabu: anajivua gamba na kuvaa jipya lililo dogo kuliko la kwanza. Anapungua mwili, anangoja. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2009 yaliweka uzito wa krili hao wote kwenye tani milioni 379, uzito unaokaribia ule wa watu wote duniani.

Wote wanaoishi kule kusini wanakula meza hiyo moja: pengwini, sili, ndege, samaki, nyangumi. Uchunguzi uliotoka mwaka 2021 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba nyangumi bluu mmoja wa Pasifiki ya Kaskazini, ambaye anakula krili wa huko, anameza wastani wa tani 16 kwa siku wakati wa msimu wa kulisha. Ni mzigo wa lori zima.

Kuna nyangumi wengine wanaotuhusu zaidi, wale wenye nundu mgongoni. Wanakula krili kule Antaktika wakati wa majira ya joto ya huko, kisha wanapanda kaskazini hadi maji ya vuguvugu ya Gabon, Congo-Brazzaville na Angola, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi hivi, kuzaa na kutafuta wenzi. Kati ya Cabinda na Angola kuna ule mlango wetu mwembamba wa bahari, usiofika kilomita 50. Huku juu nyangumi hawa karibu hawali. Safari nzima, na maziwa ya mtoto, vinatokana na mafuta waliyojikusanyia kwa krili.

Katika karne ya ishirini wawindaji waliua zaidi ya nyangumi milioni mbili katika nusu ya kusini ya dunia. Wengi walitegemea kwamba, kwa kuwa mlaji amepungua, krili wataongezeka. Haikuwa hivyo. Maelezo ambayo watafiti wengi wanayaunga mkono leo ni kwamba nyangumi anarudisha madini ya chuma baharini kwa kinyesi chake, madini hayo yanalisha mwani, na mwani unalisha krili. Ukimwondoa mlaji, unaondoa pia mbolea.

Sasa mlaji mpya ni meli. Uvuvi wa krili uliongozwa kwanza na Wasoviet. Msimu wa 1981-82 ndio uliokuwa kilele cha enzi ile, karibu tani 528,000. Baada ya 1991 ulianguka. Umerudi, safari hii Norway ikiwa mbele, pamoja na China, Korea Kusini, Chile na Ukraine. Meli za kisasa za Norway hazipandishi wavu kila saa: zinauacha majini na kuvuta krili kwa bomba, mfululizo, mchana na usiku.

Msimamizi ni tume ya CCAMLR, iliyoanzishwa kwa mkataba ulioanza kutumika mwaka 1982, yenye makao Hobart, Australia. Kutoka Afrika wanachama ni Afrika Kusini na Namibia. Inchi yetu haimo. Katika eneo kuu la uvuvi, upande wa Atlantiki, kiwango cha kusimamisha ni tani 620,000 kwa msimu. Kwa miaka mingi kiwango hicho kiligawanywa katika sehemu nne ili meli zote zisirundikane mahali pamoja. Mwishoni mwa mwaka 2024 wanachama hawakukubaliana kuurefusha mgawanyo huo, na tume inaamua kwa makubaliano ya wote tu. Msimu uliofuata, kwa mara ya kwanza, tani 620,000 zikafikiwa na uvuvi ukafungwa mwezi wa nane 2025, kabla ya wakati.

Makampuni yanajibu kwamba tani hizo hazifiki hata asilimia moja ya krili wote wa kusini. Hesabu ni sahihi. Shida iko mahali pengine: meli hazivui asilimia moja ya kila mahali, zinavua zaidi karibu na rasi ya Antaktika na visiwa vyake, mahali ambapo pengwini mwenye vifaranga naye hawezi kwenda mbali kutafuta chakula. Ni kama kusema samaki wa Tanganyika wanatosha, huku nyavu zote zimetegwa mbele ya Uvira. Barafu ya baharini, ambayo chini yake watoto wa krili wanalisha wakati wa baridi, nayo imepungua miaka ya karibuni.

Turudi kwenye chupa

Mtu mwenye aleji ya crevette asidanganyike na habari hii. Krili ni wa ukoo mwingine, ndiyo, lakini protini ya misuli inayosababisha aleji hiyo, tropomiosini, inafanana sana kwa wote wawili. Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula crevette aachane na bidhaa za krili mpaka azungumze na daktari. Hapo peke yake ndipo jibu la muuzaji, « ni crevette », linaweza kumsaidia mteja, ingawa kwa bahati.

Kuhusu faida, mafuta ya krili yana omega-3 kweli, na rangi nyekundu inatokana na kitu kile kile kinachomfanya kamba awe mwekundu akipikwa. Lakini jaribio lililofanyika Australia kwa watu 262 wenye maumivu ya magoti, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA, lililinganisha mafuta hayo na kidonge kisicho na dawa kwa wiki 24. Maumivu ya makundi mawili hayakutofautiana. Mzee anayeuza mbuzi ili anunue chupa kwa ajili ya magoti yake angepaswa kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Omega-3 iko pia katika samaki wadogo wanaoliwa wazima, na wengi wetu tunao jikoni bila kibandiko: ndagala wa Tanganyika, sambaza wa Kivu.

Msimu mwingine wa krili unafunguliwa kila mwaka tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili, wakati nyangumi waliotoka kuzaa upande wetu wanarudi kule kusini na njaa ya miezi mingi.